Mtoro yuko shambani anaamia ndege, anayechapwa ni aliyekuja shule

Wanajamvi, nimejizuia wiki nzima, nimeshindwa.

Jumanne binti yangu wa kidato cha pili karudi nyumbani hawezi kukaa. Tupo Chamwino, Dodoma, ndani ndani huku, kutoka kwetu hadi shule ya kata ni kilomita saba kwa mguu. Usiku mvua ilinyesha, korongo likajaa. Watoto wakasubiri ng'ambo mpaka maji yapungue, wakavuka wameshikana mikono, viatu wamevining'iniza shingoni. Kufika getini saa mbili na robo. Mwalimu wa zamu kawapanga mstari, sketi bado zinachuruzika, kila mmoja viboko sita. Sita! Na mwalimu mwenyewe mwanaume, wakati shule ina walimu wa kike watatu.

Msinijie na "sisi tulichapwa na tukawa watu". Mimi pia nilichapwa, na sipingi fimbo. Lakini kuna kanuni za viboko za mwaka 2002. Visizidi vinne. Achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, labda shule iwe haina. Na kila adhabu iandikwe kitabuni.

Kesho yake nikaenda kukiomba hicho kitabu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule, mkuu wa shule hawezi kuninyima. Mkuu akakichomoa chini ya rundo la karatasi za mtihani, akapuliza vumbi. Adhabu ya mwisho kuandikwa ni ya mwaka juzi.

Nilikwenda kumkaba koo, nikatoka namhurumia, na hapo ndipo hasira zilipozidi. Alinifungulia daftari la mahudhurio. Kuna mkondo mmoja wavulana karibu nusu hawapo tangu mwezi uanze. Wako wapi? Juu ya vichanja wanaamia ndege. Kweleakwelea wameshuka kwenye uwele, na mzazi anakuambia shule haikimbii. Ukimuuliza njaa ya Januari hadi sasa kaivukaje, unamwelewa kidogo. Kidogo tu.

Mkuu kamwandikia mtendaji wa kijiji barua tatu zenye majina ya watoto na ya wazazi. Nakala nimezishika kwa mkono wangu, muhuri wa kupokelewa upo zote. Jibu hakuna hata moja. Mtendaji anakunywa pombe na wazazi hao hao jioni, atamwita nani ofisini? Huko kata nako kila Ijumaa wanapiga simu: mkuu, nipe asilimia ya mahudhurio. Asilimia! Hajaulizwa hata siku moja ni mtoto gani hayupo na kwa nini. Mkuu kajaribu kuzifuata kaya mwenyewe, mafuta ya pikipiki kutoka mfukoni mwake. Kaya ya kwanza na ya pili wakamsikiliza, ya tatu wakamfungulia mbwa.

Basi akibanwa huko juu, naye anawabana walimu, walimu wanashika fimbo. Inamwangukia nani? Huyo aliyevuka korongo. Mtoro hachapwi, hayupo! Na wala hakuna aliyekaa na walimu akapanga kwamba siku ya mafuriko wa ng'ambo ya korongo wapokelewe hadi saa tatu. Jambo la dakika kumi kwenye kikao cha walimu.

Jana usiku mvua imenyesha tena. Asubuhi namwamsha binti, akaniambia, "Baba, leo bora nisiende kabisa. Asiyekuja hapigwi." Nilisimama pale mlangoni na tochi mkononi, sina la kumjibu.

Kikao cha bodi ni Jumamosi. Sitaki mkuu atolewe kafara peke yake, nataka na aliyekalia zile barua tatu aje atueleze. Walio na uzoefu humu: mtendaji akikalia barua za watoro mnaanzia wapi, kwa mkurugenzi au kwa mkuu wa wilaya? Na mwenye nakala ya kanuni za 2002 aitupie hapa niichapishe, nataka kila mjumbe awe nayo mkononi.