Mtoto kagoma mwisho wa sizoni ya pili ya The Flash. Nimwendelezee au niishie hapo?

Ma'mdogo wa Nkuhungu

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri, hasa kwa mlioimaliza tamthilia ya The Flash yote.

Ninaishi na mtoto wa marehemu dada yangu hapa Nkuhungu, Dodoma. Ana miaka 12, yuko darasa la sita. Dada alifariki mwaka jana, mtoto akiwa na 11. Sikujua kwamba Barry Allen, steringi wake, naye alikuwa na miaka 11 usiku ule mama yake alipouawa. Ningejua, pengine nisingeianzisha. Kijana wa kibanda cha muvi ndiye alinijazia, akasema ni ya steringi mwenye mbio, watoto wanaipenda.

Kiingereza chake bado, kwa hiyo kila Jumamosi usiku tunaangalia pamoja, mimi namtafsiria. Mwisho wa sizoni ya kwanza Barry anarudi nyuma hadi usiku ule. Uwezo wa kumwokoa mama anao. Lakini mle ndani yumo Barry mwingine, wa miaka ya mbele, anampa ishara ya mkono asiingilie, naye anabaki amejibanza mpaka mama anachomwa kisu. Ndipo anatoka, anavua kifuniko cha uso, anamwambia mama kwamba yeye ni Barry, na kwamba yeye na baba wako salama. Maneno hayo niliyatafsiri mimi, kwa sauti yangu. Mtoto alikuwa ameshika ncha ya kanga yangu, anaiviringisha kidoleni, anaiachia, anaiviringisha tena. Hakulia. Alisema tu, "Amemuaga."

Nilishukuru Mungu. Niliona kuna kitu kimemshuka moyoni.

Sasa mwisho wa sizoni ya pili, Barry huyohuyo anarudi usiku uleule, na safari hii anamzuia muuaji. Mtoto aliruka kitini: "Kumbe inawezekana!" Halafu akakaa. "Ma'mdogo, sasa kwa nini mara ya kwanza alimwacha?" Sikuwa na jibu. Hii ni Jumamosi ya tatu hataki tuendelee. Juzi anaosha vyombo akaniambia angekuwa na mbio zile angerudi ile Jumanne, asiende mpirani. Jumanne hiyo ndiyo dada alipelekwa hospitali, yeye yuko kiwanjani.

Nimechungulia sizoni ya tatu peke yangu. Episodi ya kwanza tu, Barry analazimika kukubali mama afe tena. Nimwendelezee, niiruke hiyo, au niache kabisa? Na nimwambie nini kuhusu Barry? Maana hata mimi niliamini alishakomaa.

Fundi wa Makole

Mpe pole kijana. Endelea naye dada. Ukikatia hapo atabaki na Barry aliyefaulu kumrudisha mama, na hapo ndipo pabaya kuliko pote kumwacha.

Zabibu ya Hombolo

Pole sana. Mimi nitasema ninavyoona: waandishi walimharibu Barry pale. Walitumia episodi 23 kumfikisha mahali pa kumuaga mama yake, halafu baada ya nyingine 23 wakafuta kila kitu. Mtazame Oliver Queen wa tamthilia ya Arrow, ambako Barry mwenyewe alianzia kuonekana. Anaingia mwaka 2012 akiua watu bila kupepesa. Rafiki yake Tommy anakufa mwisho wa sizoni ya kwanza, na sizoni ya pili Oliver anaianza akiwa amejiapiza kutoua tena, kwa ajili ya Tommy. Baadaye anayumba, sikatai, lakini kifo kile unakiona kinatembea naye. Kwa Barry, kule kuaga sikukuona tena popote. Mwambie mtoto waandishi walikosea.

Mrangi wa Kondoa

Zabibu, hapana. Umeruka kifo cha baba.

Henry Allen kafungwa miaka kwa kosa la mtu mwingine. Katoka. Zoom, adui mkuu wa sizoni ya pili, akampeleka kwenye nyumba ileile aliyouawa mkewe na kumuua mbele ya macho ya Barry. Mara ya kwanza Barry anamuaga mama, alikuwa bado ana baba wa kumrudia. Mara ya pili hana. Barry kamshinda Zoom, na ushindi wenyewe haukumpa usingizi.

Mimi nilimzika mama mwaka 2009, nikalia, nikatulia kabisa. Mwaka 2016 tukamzika kaka. Pale kaburini nilijikuta naita "mama, mama", hadi wazee wakanishika mabega. Msiba wa pili unafukua wa kwanza. Kwa hiyo kwangu Barry hajarudi nyuma kitabia. Alikuwa amekomaa kwa kiasi cha msiba mmoja, ikaja miwili.

Dada, usimwambie mtoto kwamba waandishi walikosea. Ameuliza kwa nini, mpe sababu: mara ya pili alikuwa amebaki yatima.

Zabibu ya Hombolo

Mrangi nimekusoma. Hilo la baba sikuliwekea uzito. Nabaki na lawama yangu kwamba waliharakisha mno, Flashpoint nzima, yaani yale maisha ambamo mama hakufa, inaanza na kuisha ndani ya episodi moja, lakini sababu nimeiona.

Mlinzi Ipagala

Hizi ni muvi tu jamani. Huyo mtoto ana majonzi, atafutiwe mtu wa kuzungumza naye.

Ma'mdogo wa Nkuhungu

Asante Mlinzi, mwalimu wa malezi shuleni kwao anajua na anamwita kila wiki. Ila kwake anajibu "niko salama mwalimu". Kwangu ameanza kusema kupitia huyu Barry, ndiyo maana naogopa kuukata uzi wenyewe.

Ticha wa Chamwino

Shikamoo kwa wakubwa. Dada, nimeiangalia yote, sizoni 9, kuanzia 2014 hadi 2023, na sizoni ya tatu nimeirudia. Usiiruke episodi ya kwanza. Barry anaishi na wazazi wake miezi mitatu, anakula nao, halafu kumbukumbu za maisha yake ya kweli zinaanza kumtoka. Watu wengine nao wanaumia. Analazimika kumfungulia Thawne, muuaji mwenyewe, aliyekuwa amemfungia. Pale simamisha picha kabla, mweleze kinachokuja, umwachie yeye achague kuangalia au kutoka nje.

Episodi ya pili ndiyo yake hasa. Jay Garrick, mwenye mbio mwenzake, anamkamata Barry kabla hajarudi tena kurekebisha, wanaketi mgahawani, mwaka 1998. Jay anavunja kikombe cha kahawa, anaunganisha vipande, anamwonyesha kwamba umbo litarudi lakini hakitakuwa kile. Mtayarishe mapema: Jay ana sura ya baba yake Barry, kwa kuwa mwigizaji ni mmoja, John Wesley Shipp, ambaye mwenyewe alikuwa The Flash kwenye tamthilia ya 1990.

Halafu Cisco, rafiki yake Barry. Kaka yake Dante amekufa kwa sababu ya mabadiliko aliyoyaleta Barry kwa kurudi nyuma, anamwomba Barry arudi kumwokoa, Barry anakataa. Hapo ndipo ninapomwona amekomaa, Zabibu. Anabeba chuki ya rafiki yake kwa kukataa kufanya alichokifanya kwa ajili yake mwenyewe.

Ninachokuomba kwa mikono miwili: Savitar asimwangalie peke yake. Yule adui ni Barry mwenyewe, nakala yake iliyompoteza Iris, mpenzi wake, wenzake wakamtenga. Uso mmoja, moyo uleule, tofauti ni kwamba huyu hakuachwa na watu, yule aliachwa. Mtoto aliyefiwa akiliona hilo gizani bila mtu pembeni, atajiuliza yeye ni yupi.

Na mwonyeshe Joe West. Si baba mzazi, na ndiye aliyemlea.

Mrangi wa Kondoa

Ticha umemaliza. Nyongeza moja, ile Jumanne: mama aliyeugua akimwona mwanawe anatoka na mpira mguuni, hafikirii kwamba ameachwa. Mwambie hivyo wewe, maana ulimjua dada yako.

Ma'mdogo wa Nkuhungu

Nimerudi wapendwa. Jana usiku tuliangalia. Nilianza na la baba, kama Mrangi alivyosema. Akafikiri, akasema, "Kumbe alikuwa hana mtu nyumbani." Nikamwambia alikuwa na Joe, ila siku hiyo hakumwona.

Pale kwa Thawne nilisimamisha. Hakutoka. Alivuta kanga yangu akajifunika hadi puani, akasema niweke. Alilia, wakuu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi, nami nikalia naye, na katikati ya hapo nikamwambia habari ya Jumanne: kwamba mama yake ndiye aliyemtafutia soksi za mpira asubuhi ile, akinung'unika kwamba moja imetoboka. Alikuwa amesahau. Akaniuliza soksi hizo ziko wapi. Zipo, kwenye begi la dada.

Savitar tukifika nitakuja kuuliza tena, Ticha. Kwa sasa tuko episodi ya pili. Kikombe cha Jay tumekirudia mara mbili, ameomba mwenyewe.