Zawadi za Idi za kushona mwenyewe: doti mpya niikate au niiache?

Mshonaji wa Wete

Assalaam alaykum jamaa.

Niko Wete, nna charahani ya mkono ya marehemu bibi, ile nyeusi ya kuzungusha, na inashona vizuri mpaka leo. Mara hii nimeazimia zawadi za Idi nizishone mwenyewe. Kupunguza gharama kumo, lakini si hilo tu. Nataka mtu akiishika zawadi ajue nilikaa chini nikamfikiria yeye, na nilivyomfikiria kuonekane kwenye kitu chenyewe.

Nilicho nacho: doti mbili mpya ambazo hazijakatwa, kanga kuukuu nyingi zilizokwisha lainika, kipande kikubwa cha marikani, na sufi gunia zima kutoka msufi wa shamba kwetu.

Ninaowakusudia ni hawa. Mavyaa, mama wa mume wangu, yuko Mkoani, mtu wa usafi sana, kitanda chake kikishatandikwa asubuhi hakikaliwi mpaka usiku. Nimewaza kumshonea foronya mbili na mito yake ya sufi. Wifi yangu amejifungua juzi, mpaka Idi atakuwa ametoka arubaini. Shemegi yuko Unguja, hatoki mlangoni bila kofia. Na shoga yangu tuliyesoma naye skuli moja, sasa ni mwalimu, madaftari ya wanafunzi huyabeba kwapani kila siku ya Mungu.

Kinachonitatiza: dada yangu mkubwa anasema doti mpya nikiitia mkasi nimeiharibu, mtu mzima hupewa doti nzima. Mie naona mavyaa kanga anazo kabati tele, foronya nzuri hana. Pili, hii ni Shaabani. Nikianza leo kofia ya mkono ya shemegi, nitaiwahi? Na wifi, mtoto mchanga mnamshonea nini kitakachotumika kweli?

Walio na uzoefu nisaidieni, nna hamu kubwa ya kuanza.

Bi Fundi, Chake Chake

Waalaykum salaam mwanangu. Umenifurahisha kwa kuwataja watu kabla hujataja mishono. Wengi huanza na kitambaa, wakishona ndio wanatafuta wa kumpa.

Kata. Lakini kabla ya mkasi, isome kanga yako vizuri jina lake, yale maneno yaliyoandikwa. Huyo ni mavyaa, na jina litakuwa chini ya shavu lake kila usiku. "Nani kama mama" mpe kwa mikono miwili. "Hasidi hana sababu" usithubutu, japo rangi zake ziwe nzuri namna gani, maana atalala akijiuliza hasidi ni nani. Halafu tazama mji wa kanga, ile sehemu ya katikati. Ukiwa na maua madogo au vidoa vilivyotawanyika, inafaa. Ikiwa ni ua moja kubwa katikati, mkasi utalipasua na foronya zitakuwa na nusu ua kila moja. Na kisutu usikikate kabisa, hicho ni cha harusi.

Fua kwanza. Kanga mpya ina wanga wa dukani, ukiishona hivyo hivyo itaruka kwenye maji ya kwanza na foronya itabana mto. Loweka peke yake kwenye maji baridi, usiichanganye na nguo nyeupe, na suuza mpaka maji yatoke meupe. Wengi hutia chumvi ili rangi isichuje. Mie naona kinachosaidia ni kurudia kusuuza. Ikikauka, ipige pasi ndipo upime.

Sasa sikiliza vipimo. Upande mmoja wa kanga ni kama sentimita 150 kwa 110. Mto wa kawaida ni 50 kwa 75, ila mwambie mumeo akienda kwao aupime, maana ya sufi hushonwa kila mtu kwa saizi yake. Kata kipande cha katikati cha urefu wa sentimita 78, kutoka pindo la juu mpaka pindo la chini, jina likae katikati. Hicho kikate tena kwa mlalo: sehemu ya chini yenye jina, upana wa 53, ndiyo mbele ya foronya, ya juu nayo ipunguze iwe 53, ndiyo nyuma. Ubavuni umebakiwa na vipande viwili. Kimoja toa mdomo wa ndani, 53 kwa 25, ule unaoingia kufunika mto usichungulie. Kwa hiyo upande mmoja ni foronya moja, na doti ni jozi, zote mbili zina jina lililokamilika. Foronya yenye nusu jina mie siipokei hata kwa mwanangu.

Huna oveloki, ile mashine ya kufunga kingo, na wala huihitaji. Weka vipande migongo ya kitambaa itazamane, yaani nyuso ziwe nje, piga mshono wa nusu sentimita. Punguza nyuzi zilizotokeza, zitokomeze zote, hapa usifanye haraka. Geuza ndani nje, piga pasi ukingoni, kisha piga mshono wa pili wa sentimita moja. Nyuzi zote zimefungiwa ndani ya mshono, foronya ukiigeuza ndani ni safi kama nje. Kwa mtu wa usafi kama uliyemweleza, hilo ataliona kabla ya maua. Sindano namba 14 inatosha, iwe mpya tu. Butu huchomoa nyuzi za kanga na kuacha mistari.

Mito yenyewe: sufi usiitie moja kwa moja kwenye kanga. Zile nyuzi zake ni laini mno, hupenya, na baada ya wiki foronya inakuwa na manyoya. Ndani shona mfuko wa marikani yako, mshono huo huo wa mara mbili. Sufi ichambue mbegu moja moja, ianike juani, ndipo ujaze. Jaza kidogo kuliko unavyodhani. Mto wa sufi ulioshindiliwa ni mgumu, shingo inauma.

Wifi ndiye mwepesi kuliko wote, mshonee kishuka cha kumbebea mtoto. Chukua zile kanga kuukuu, laini kabisa, ulaze mbili pamoja, mraba wa sentimita 90, upige bandi zisihame, kisha ushone kuzunguka na mistari michache katikati. Ukingoni tia utepe uliokatwa mshazari, hapo ndipo unapoweza kutumia rangi mpya inayong'ara. Mtoto mchanga anataka kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Usitie shanga, vifungo wala kamba za kuning'inia, hivyo huishia mdomoni. Na sufi yako ibakie kwa wakubwa. Najua mila yetu ni kumlaza mtoto kwenye kijito chake, lakini mtoto wa chini ya mwaka halazwi na mto, uso ukizama hana nguvu ya kujiondoa.

Mwana wa Mshona Kofia, Unguja

Ya kofia nitajibu mie, kwa kuwa mama yetu alitusomesha kwa kofia na nimeziona zikitoka tangu bafta, kile kitambaa cheupe, mpaka kichwani.

Dada, kwa Idi ndogo hutaiwahi. Kofia ya mkono ni nguo mbili za bafta zilizolazwa pamoja, kipande cha duara cha juu na ukanda wa pembeni, vyote vimechorwa kwa penseli. Kila kiua kinatobolewa, halafu ukingo wa tundu unazungushiwa uzi, pigo karibu na pigo, mpaka tundu libaki duara kamili lisilofunga. Shika kofia nzuri uielekeze dirishani, mwanga unapita kwenye kila kiua sawasawa. Iliyoharakishwa utaona matundu mengine yamepinda na mengine yamezibwa na uzi. Kofia moja inachukua mwezi, na yenye kazi nyingi miezi, kwa anayejua na anayeshona kila jioni baada ya kazi za nyumbani. Sasa ongeza Ramadhani, futari, tarawehe.

Ninachokushauri: ianze sasa hivi, lakini iwe ya Idi kubwa. Kutoka Mfungo Mosi mpaka tarehe 10 Mfungo Tatu, siku ya Idi hiyo, una miezi miwili na zaidi baada ya kumaliza kufunga. Hapo kazi inakaa vizuri. Kipimo chukua kwa utepe kuzunguka paji la uso juu kidogo ya masikio, usikisie. Kofia inayobana hainyooshwi, na inayopwaya humfunika mtu masikio. Ikiisha ifue, itie wanga, na iache ikauke ikiwa imevikwa kwenye kigogo cha duara cha saizi yake, isije ikakunjamana.

Idi ndogo mshonee mfuko wa msala, wenye kamba ya kukazia mdomoni. Anayekwenda msikitini na msala wake atautumia kila Ijumaa.

Dada wa Mkunazini

Mie niko upande wa dada yako mkubwa, na Bi Fundi anisamehe.

Doti ni jozi. Mama mtu mzima anajifunga moja, nyingine anajitanda, ndiyo heshima yake akitoka kwenda msibani au shughulini. Kumpa mavyaa doti kuna maana yake, na hata akiwa nazo kabati tele bado anahesabu nani alimletea. Ukiikata, umempa kitu cha chumbani, majirani hawataiona na yeye hatavaa mbele ya watu kusema "hii kanipa mkaza mwanangu."

Kama unataka mkono wako uonekane, kunga hiyo doti wewe mwenyewe. Doti inanunuliwa haijatenganishwa, pindo zake wazi, na wengi wanampelekea fundi anapitisha charahani kwa dakika mbili, mshono umepinda. Itenganishe, ufunge pindo jembamba, uzi wa rangi ya kanga yenyewe, pigo ndogo ndogo za mkono. Kisha ikunje vizuri na ndani utie kifuko cha karafuu. Huko Pemba karafuu hamzikosi, ziwe kavu kabisa tu, mbichi zitatia doa. Mama atafungua kabati lake mwezi mzima akikukumbuka.

Bi Fundi, Chake Chake

Sina la kukusamehe mwanangu, umesema kweli kuhusu kukunga. Watu wameidharau kazi hiyo na ni kazi. Ila katika nyumba nyingine zawadi ya chumbani ndiyo inayopendwa zaidi, maana haishindani na za watu wengine. Anayemjua mavyaa ni huyu aliyeuliza. Ana doti mbili, zinamtosha.

Mshonaji wa Wete

Allah awalipe kheri nyote. Nimeamua. Doti moja ina "Nani kama mama" na mji wa maua madogo, hiyo ndiyo foronya, na mito ya sufi ndani. Ya pili naikunga kwa mkono nzima nzima kama alivyosema dada wa Mkunazini, na kifuko cha karafuu juu yake. Mavyaa atapata vyote viwili. Kofia itakuwa ya Idi kubwa, mume wangu ataleta kipimo akienda Unguja mwezi ujao.

Bado shoga yangu mwalimu. Nna mkoba wa ukili, ile mikanda ya majani iliyosukwa, wa ukindu mzuri, jirani kanisukia. Nataka kuutia bitana ya kanga na mfuko mdogo wa ndani wa kalamu. Charahani yangu haitapita kwenye ukili, nao madaftari ni mazito. Bitana nishikize vipi isichanike?

Bi Fundi, Chake Chake

Charahani iweke mbali kabisa na ukili, utavunja sindano na kuupasua.

Bitana ishone peke yake kwanza, mfuko kamili wenye umbo la mkoba, pamoja na mfuko wa kalamu juu yake, yote kwa charahani. Kitako chake kiwe nguo mbili, kanga ndani na marikani chini yake, maana pembe za madaftari hutoboa hapo kwanza. Ifanye pana kidogo kuliko mkoba. Ikiwa imebana, uzito wote wa madaftari utavuta mishono ya kanga. Ikiwa imelegea kidogo, uzito unabebwa na ukili, na ukili una nguvu hiyo.

Ukimaliza, itumbukize ndani, ukunje ukingo wake wa juu, na uishikize kwa mkono kwenye mdomo wa mkoba. Tumia shazia, ile sindano kubwa nene, na uzi mnene uliopakwa nta. Pitisha shazia kwenye nafasi baina ya mistari ya ukili, pale walipounganisha, usitoboe jani lenyewe. Jani likitobolewa hupasuka likikauka. Pigo ziwe za sentimita moja, na kwenye mishikio rudia mara tatu mpaka nne. Kitakoni nako tia pigo mbili tatu kila pembe, ili bitana isije ikapinduka akitoa madaftari.

Na mishikio ikague kabla hujaanza. Ikiwa jirani ameisuka nyembamba, mrudishie akuongezee, kwani huo mzigo wa madaftari utaanzia hapo.