Binti yangu ananifundisha Krismasi, nami sijui nimjibu nini

Baba Kadogo:
Wadau, hamjambo? Niko Kisumu, upande wa Manyatta. Nina binti wa miaka mitano, Januari anaingia gredi ya kwanza. Mimi nililelewa katika kanisa la Friends (Quaker) kule Vihiga, lakini tangu nimalize shule kanisani huingia kwa harusi na mazishi tu. Mama yake ni Mkatoliki, muuguzi, na mwezi huu amepangiwa usiku. Jioni tunabaki wawili, na mtoto hataki hadithi nyingine ila Luka sura ya pili.

Juzi tukafika pale kwa wachungaji, "wakikaa makondeni na kulinda kundi lao kwa zamu usiku." Akanisimamisha.
"Kwa zamu? Kama mama?"
Nikasema ndiyo.
"Na kama soja wa geti?"
Ndiyo, kama soja.
Akachezea pindo la blanketi, halafu akasema, "Basi malaika alienda kwao kwa sababu wengine wote walikuwa wamelala."

Nimeisikia sura hiyo tangu utotoni na hakuna mhubiri aliyewahi kunionyesha hilo.

Sasa kuna mambo mawili. La kwanza, anataka soja wa ploti ale nasi Krismasi, eti yeye ndiye angeambiwa kwanza. Hilo halina shida. La pili ndilo linaninyima usingizi: "Baba, wewe unaamini malaika alikuja kweli?" Nilimwambia alale, tutaongea kesho. Sitaki kumdanganya, na sitaki kumzima. Nimwambie nini? Na nikienda naye kwa misa ya mkesha, si nitakuwa naigiza?

Nyar Kano:
Shemeji, unajitesa bure. Mpeleke mtoto kanisani, kaa kwa benchi, nyamaza. Nusu ya wanaume walio pale wameletwa na wake zao na hakuna anayewauliza kitu.

Mtu wa Kondele:
Wa kwangu wa miaka mitano anaamini kuna chui chini ya kitanda. Tusianze kuwapa watoto digrii za theolojia. Mwambie ni hadithi nzuri, akikua ataamua.

Mama Sande Skuli:
Mtu wa Kondele, huyo mtoto hajasema analoogopa, amesema alilolisoma. Kuna tofauti.

Baba Kadogo, nimefundisha watoto wa umri huo miaka mingi huku Kakamega. Cha kwanza, endelea kumsomea yaliyoandikwa, usiongeze chumvi. Luka hataji punda, wala hataji mwenye nyumba ya wageni akifunga mlango. Anasema tu hawakupata nafasi. Mamajusi wako kwa Mathayo, na hakuna palipoandikwa walikuwa watatu. Zawadi ndizo tatu, dhahabu, uvumba na manemane. Tena walimkuta mtoto ndani ya nyumba. Mtoto anayesikiliza kama huyo wako atakushika siku moja, na hapo ndipo imani huanza kuonekana maigizo, si kwa sababu baba alisema "sijui."

Cha pili, ukifika Luka 2:24 mwonyeshe Yusufu na Mariamu hekaluni. Sadaka yao ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Kwa torati hiyo ni sadaka ya asiyeweza kununua mwana-kondoo. Nina hakika atakuuliza bei ya njiwa.

Na swali lake lijibu. Watu hupenda kututajia Marko 10:15, kuupokea ufalme kama mtoto mdogo, wakimaanisha funga mdomo uamini. Ni mtoto wa wapi huyo asiyeuliza maswali?

Msabato Halisi:
Mkumbuke Biblia haitaji tarehe 25 Desemba. Kumbukumbu ya kwanza inayojulikana ya kuiadhimisha siku hiyo ni ya Roma, mwaka 336, karne tatu baadaye. Hata Friends wa zamani hawakuwa wakishika Krismasi. Msomee Luka hata Juni.

Nyar Kano:
Msabato, Juni hakuna chapati 😂

Mwana wa Mumias:
Mimi ni Mwislamu, mnivumilie. Kwetu kuna sura nzima ya Maryam, ya 19. Uchungu unamshika akiwa peke yake penye shina la mtende, anaambiwa alitikise tende zimwangukie. Binti yangu aliponiuliza kama Maryam aliogopa, nilimsomea aya ya 23, anapotamani heri angekufa kabla ya hayo. Akatulia kabisa. Mtoto hahitaji baba anayejua yote, kaka. Anataka usimkimbie.

Baba Kadogo:
Asanteni. Jana nilimjibu. Nilimwambia, "Mimi sijui kama malaika alikuja. Nilikuwa naamini nikiwa mdogo, siku hizi sina hakika. Lakini napenda tukisoma." Nilidhani atalia. Akasema, "Si hata wale walisema twende tukaone," akavuta blanketi.

Nimerudi kwa kitabu, na kweli, mstari wa 15: "Haya, na twendeni mpaka Bethlehemu, tukalione hilo lililofanyika."

Mama Sande Skuli:
Na malaika hakuwagombeza kwa kutaka kuona. Aliwapa hata alama ya kumtambulia mtoto, mstari wa 12. Huyo binti nitamkodi.

Mtu wa Kondele:
Sawa, nimenyamaza. Ila mkesha utaenda?

Baba Kadogo:
Nitaenda, kanisa la Kibuye. Mama yake amebadilishana zamu na mwenzake. Mtoto ameshatuambia tutapita kwanza kwa pango la Krismasi, lile la sanamu, ahesabu wachungaji. Nitaketi pale nikiangalia kama wao, sitajifanya.

Nyar Kano:
Na soja?

Baba Kadogo:
Amekubali, ila anaingia kazini saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo tunakula saa tisa. Shida ni firigisi. Kwetu Maragoli hiyo ni ya mwenye boma, hata mama yangu akija hagusi. Binti amesema mwaka huu ni ya soja.

Mwana wa Mumias:
Chinja kuku wawili, kaka.

Baba Kadogo:
Nilimwambia hivyo. Akasema basi ya pili ni ya mama, naye ni wa zamu.