Tupeane uzoefu: injini uliyoifungua mara mbili, nini hasa kiliiua mara ya kwanza?

Mwana_Kibosho (mwenye uzi)

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili limenikaa moyoni tangu Oktoba, na naomba tulizungumze sisi tunaochafua mikono.

Nipo Minnesota, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Miaka 3 iliyopita mkulima jirani alinionyesha kitu alichokifunika turubai nyuma ya ghala lake: Honda ATC110 ya 1983. Kwa asiyeifahamu, ni pikipiki ya magurudumu matatu, moja mbele na mawili nyuma, yenye matairi manene ya upepo kidogo sana, ya kupita kwenye theluji, mchanga na matope. Honda walitoa ya kwanza mwaka 1970, cc 89, baada ya wauzaji wao wa Marekani kuomba kitu cha kuuza majira ya baridi ambapo pikipiki za kawaida hazinunuliki. Aliyeibuni ni mhandisi Osamu Takeuchi. Hii ya 110 ikaja 1979.

Lakini mimi sikuinunua kwa sababu ya historia. Nilipoinama nikaona injini imelala, silinda imeelekea mbele karibu sambamba na ardhi, moyo ulishtuka. Ni ukoo uleule wa Honda 90 ya baba yangu, aliyokuwa akiwazungukia nayo wakulima alipokuwa bwana shamba. Utotoni nilimshikia tochi mara nyingi akiifungua. Nikatoa dola 250, tukaipakia.

Injini ilikuwa imejam. Kamba ya kuwashia haivutiki hata inchi moja. Nikatoa plagi, nikamimina asetoni na oili ya giaboksi ya otomatiki nusu kwa nusu, nikaiacha siku tisa. Haikutikisika. Nikafungua kichwa: maji yalikuwa yameingilia kwenye ekzosti miaka mingi, na pistoni imeshikana na silinda kwa kutu, pete nzima ya kutu kuzunguka ukuta. Niliitoa kwa kipande cha mti mgumu na nyundo, pigo moja dogo dogo, jioni mbili.

Nikapeleka silinda kwa mchonga vyuma. Pistoni za kuzidishia upana za injini hizi zinapanda kwa robo milimita: 25 (yaani milimita 0.25), 50, 75, mwisho 100. Ya 50 haikufuta shimo la kutu, tukaenda 75. Alinifundisha jambo ambalo sikulijua: nunua pistoni kwanza, mpelekee mkononi, achonge silinda kwa kuipima ile ile. Usichonge halafu ukatafute pistoni.

Nikasaga valvu, nikaweka ringi mpya, cheni ya timingi mpya, oili sili zote, gasketi zote. Nilijiona nimemaliza kila kitu. Ikawaka mvuto wa nne. Kiangazi chote nikaitumia kubeba kuni na kuzungukia uzio kwenye barabara ya vumbi.

Oktoba ikaanza kutoa moshi wa bluu. Nikapima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: psi 70, wakati Juni ilikuwa 150. Nikafungua tena. Ukuta wa silinda ulikuwa na michirizi ya wima, mingi, myembamba kama nywele, upande wa kuingizia mafuta kuliko upande mwingine.

Nilikaa chini kabisa. Kisha nikachukua kitambaa cheupe, nikakizungusha kidoleni, nikapitisha ndani ya mdomo wa kabureta, *baada* ya filta, mahali ambapo hewa inatakiwa iwe safi. Kikatoka na vumbi la kahawia. Nikakisugua baina ya vidole, kinakwaruza. Ule mpira unaounganisha boksi la filta na kabureta ulikuwa na ufa upande wa chini, usiouona mpaka uukunje. Miaka 40 imeukausha. Nimeunguza pistoni ya 75 kwa kutouangalia mpira wa dola kumi na kitu.

Sasa nimebaki na saizi moja tu, ya 100. Baada ya hapo ni kutafuta silinda nyingine au kuingiza slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda ya zamani.

Nilitibu kidonda, sikuuliza kilichosababisha. Ninaomba kila mwenye kisa cha injini iliyokufa mara mbili akiseme hapa, iwe bajaji, Vespa, bodaboda, jenereta, chochote. Kilichonipata kisimpate mwingine.

---

Gerezani_Kwetu

Mkuu pole sana. Mimi ni fundi wa bajaji Dar, kisa changu ni cha Bajaj RE ya four stroke, ile ya cc 198.

Kijana mmoja dereva aliletwa kwangu na bosi wake. Bajaji imekula pistoni mara tatu ndani ya mwaka, kwa mafundi wawili tofauti. Bosi ameshaanza kusema kijana anaiendesha vibaya, anataka kumnyang'anya. Yule kijana alikuwa hasemi, amesimama tu pembeni ya bajaji.

Nikafungua. Pistoni imekwaruzika sehemu zile zile, kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, nayo imelika kwenye nundu zake. Kamshafti ikilika, mimi swali langu la kwanza ni oili. Nikashuka chini nikatoa chujio la oili, lile la wavu. Wakuu, lilikuwa limezibwa na silikoni ya gasketi! Vipande vyekundu virefu kama tambi, vimejilaza juu ya wavu vimeuziba zaidi ya nusu. Fundi wa kwanza alipaka silikoni nene kwenye kava, ile iliyosukumwa ndani ikakatika, ikaelea na oili mpaka kwenye wavu. Fundi wa pili akabadilisha pistoni bila kugusa wavu. Oili ikawa inapanda juu kwa shida, injini ikipata moto inakauka.

Nilimwita bosi, nikamwekea zile tambi kwenye kiganja. Kijana akarudishiwa bajaji yake siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo kwangu hakuna kufunga injini bila kufungua wavu. Na silikoni, kama kava lina gasketi ya karatasi nzuri, usiweke kabisa. Ukilazimika, paka film nyembamba, subiri ishike kidogo ndiyo ufunge.

---

Makanika_wa_Grogan

Niaje ndugu. Mimi Nairobi, naongeza la bisibisi tu kwa sababu hakuna mtu husema.

Skrubu za msalaba za Honda za zamani si zile za kawaida. Ni za kiwango cha Japani, pembe zake zimekatwa tofauti. Ukitia bisibisi ya msalaba ya kawaida inapanda nje na kumomonyoa kichwa. Nimeona makava mengi yamepigwa patasi kwa sababu hiyo, halafu aluminiamu inapasuka na oili inavuja milele. Tafuta bisibisi ya Kijapani au ile ya kupigwa nyundo inayozunguka yenyewe. Ukifungua mara moja, badilisha uweke bolti za kichwa cha alen, zile za tundu la pembe sita.

Na bro, kabla hujaagiza hiyo pistoni ya 100, pima pini yake na urefu kutoka pini hadi juu. Usinunue kwa kuambiwa tu "inaingia kwa 110". Kuna pistoni nyingi sokoni za upana sawa na urefu tofauti.

---

Bi_Mwanakwerekwe

Assalaam alaykum. Sikudhani nitachangia kwenye uzi wa injini lakini hili limenigusa.

Nina Vespa PX 150, niliachiwa na marehemu baba. Naendea kazini kila siku, watu wa mtaani wananijua kwa mlio wake. Mwaka juzi ilijam njiani, gurudumu la nyuma likakaza ghafla, Mungu alinisalimisha kwa sababu niliwahi klachi. Fundi akafungua, akasema hukuchanganya oili vya kutosha. Nikakubali kwa aibu, ingawa najua mimi napima kwa kikombe, asilimia 2 kama alivyonifundisha baba. Tukaweka pistoni mpya. Miezi minne, ikajam tena.

Ndipo mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo hapa Zanzibar, rafiki yake baba, akaniuliza swali moja ambalo hakuna aliyeniuliza: "Mwanangu, kabla haijakufa ilikuwa inafanyaje ukisimama?" Nikamwambia, ukisimama ilikuwa inapanda mlio wenyewe, kama kuna mtu anavuta moto, kisha inashuka taratibu. Akasema, basi hapo ndipo ilipo. Akatoa flaiwili, akanionyesha sili ya kranki upande ule: mpira umekauka, mdomo wake haushiki tena shafti. Kwa Vespa, mafuta na hewa hupitia tumboni mwa injini. Sili ikikauka inavuta hewa ya nje, mchanganyiko unakuwa mwepesi, na oili ni ileile iliyo ndani ya petroli, kwa hiyo petroli ikipungua na oili imepungua. Pistoni inapata moto na haina cha kuilainisha.

Mtu amwulize mwenye chombo kilikuwa kinasemaje kabla. Sisi tunaokaa juu yake kila siku tunasikia, tunakosa maneno ya kifundi tu.

---

Gerezani_Kwetu

Dada umesema kweli tupu. Nitaanza kuuliza hivyo.

---

Mzee_wa_Chumbageni

Vijana wangu, nimewasoma. Nimestaafu, nimefungua Honda 90 na 70 nyingi hapa Tanga kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kijana wa Kibosho, umesema umesaga valvu. Je, ulizijaribu? Funga valvu na springi zake kwenye kichwa, kilaze, mimina petroli kwenye tundu la kuingizia, subiri dakika tano. Kisha tundu la ekzosti. Ikilowana upande wa chumba cha moto, rudia kusaga. Ni jaribio la bure na halidanganyi.

Pili, nati nne za kichwa. Moja washa yake ni ya shaba, kwa sababu oili inapanda kupitia pale. Kila moja irudi ilipotoka. Kaza kwa msalaba, kidogo kidogo, kwa awamu tatu.

Tatu, timingi. Alama ya T kwenye flaiwili, alama ya O kwenye sproketi ya juu ielekee kikato cha kichwa. Kisha, kabla ya plagi, zungusha kwa mkono mara mbili kamili. Ukihisi kitu kigumu, simama papo hapo, usilazimishe.

Mwanya wa tapeti zote mbili uwe milimita 0.05, injini ikiwa baridi. Baba yako bado yupo?

---

Kiziwa_Msafiri

Samahani kwa kutoka nje kidogo. Hizi za magurudumu matatu mbona siku hizi hazionekani madukani?

---

Mwana_Kibosho

Mkuu Kiziwa, zilisimamishwa. Watu wengi waliumia na kufa, watoto wakiwemo, na mwaka 1988 watengenezaji walifikia makubaliano mahakamani na serikali ya Marekani, wakaacha kuziuza mpya. Sheria ya 2008 ikafunga kabisa mlango wa kuziuza mpya nchini. Ekseli ya nyuma haina difa, magurudumu mawili yanazunguka pamoja, kwa hiyo haipindi mpaka ulalie mwili wako vizuri. Aliyezoea pikipiki hushusha mguu anapopinda, na tairi la nyuma linaupanda ule mguu. Mimi mwanangu simpandishi, na sitampandisha. Naendesha mwenyewe, taratibu, kofia ngumu kichwani.

Wakuu, narudi na ripoti, wiki sita baadaye.

Silinda imechongwa 100, saizi ya mwisho. Nilipima pini na urefu kama alivyosema ndugu wa Grogan. Ya kwanza niliyotumiwa ilikuwa fupi kwa zaidi ya milimita moja, nikairudisha. Ringi niliziingiza moja moja ndani ya silinda, nikazinyoosha kwa kichwa cha pistoni, nikapima mwanya kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Wavu wa oili nilioutoa ulikuwa na uchafu mweusi chini, na mimi mara ya kwanza sikuufungua. Gerezani_Kwetu, nakushukuru kwa hilo peke yake.

Petroli kwenye kichwa: upande wa kuingizia ukabaki mkavu, upande wa ekzosti ukalowana dakika ya pili. Nikasaga tena nusu saa. Ukashika.

Mpira wa filta nimeweka mpya, na sponji mpya ya filta nimeilowesha oili na kuikamua. Baada ya saa ya kwanza ya kuendesha nilirudia kitambaa cheupe. Kimetoka cheupe. Nimekitundika ukutani karakana.

Kompresheni 155.

Mzee wa Chumbageni, shikamoo. Baba yupo, ana miaka 81, macho yamepungua lakini masikio yako vilevile. Jumapili nilimrekodia mlio wa injini nikamtumia kwenye simu, ikiwa imepata moto na inanguruma taratibu. Akausikiliza. Nilitegemea atauliza nimetumia pesa ngapi. Akanijibu kwa sauti: "Imekaa vizuri. Ila tapeti ya ekzosti umeiacha wazi, inagonga."

Leo asubuhi, ikiwa baridi, nimefungua kifuniko nikaingiza geji. Ya kuingizia 0.05. Ya ekzosti 0.12. Nimeirudisha.

Uzi uko wazi, wa jenereta na bodaboda bado sijawasikia.