Saa ya seva: NTP ya intaneti, GPS ya USB, au GPS yenye PPS?

mlinzi_seva: Wakuu, nina seva nne. Nikifuatilia tukio moja kwenye logi, naona jibu limeandikwa kabla ya ombi. Zote zinachukua saa intaneti kwa NTP (itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao), na zinapishana kwa milisekunde kadhaa. Nina kipokezi cha GPS cha USB. Nikikichomeka tatizo litaisha?

kitope: Huenda likazidi, mkuu. Satelaiti zina saa za atomiki, lakini kipokezi kinakuletea saa kwa mistari ya maandishi, nayo huchelewa kwa makumi au mamia ya milisekunde. Kibaya zaidi, ucheleweshaji wenyewe hautulii. Mimi nilihama intaneti kwenda USB nikakuta hali mbaya kuliko mwanzo, nikarudi.

bi_sekunde: Kitope amesema kweli, ila GPS haina kosa hapo. Tafuta kipokezi chenye waya wa PPS (pigo moja kwa sekunde). Kila sekunde inapoanza, waya huo unatoa pigo moja la umeme. Maandishi yanakuambia hii ni sekunde ipi. Pigo linakuambia imeanza lini hasa. Uunge kwenye pini ya DCD ya poti ya COM (poti ya serial), au pini ya GPIO ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na saa itakaa ndani ya mikrosekunde chache. Usiupitishe kwenye USB, maana pigo husubiri zamu yake na unaweza kupoteza milisekunde nzima. Kwenye chrony, programu ya kulinganisha saa ya seva:

`refclock SHM 0 offset 0.2 refid NMEA noselect`
`refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid GPS`

Hiyo 0.2 ni sekunde za kufidia kuchelewa kwa maandishi; ni ya kuanzia tu, pima ya kipokezi chako.

mlinzi_seva: Asante sana dada. Kwa hiyo kila seva na antena yake?

bi_sekunde: Hapana, moja inatosha. Nyingine tatu zichukue kwake kwa NTP ndani ya LAN, yaani mtandao wenu wa ndani. Kadi zenu za mtandao zikiweza kupiga muhuri wa muda zenyewe, PTP, itifaki ya saa yenye usahihi kuliko NTP, itazisogeza karibu zaidi.

mzee_wa_antena: Seva za intaneti msizifute, wanangu. GPS huhesabu wiki kwa biti 10, kwa hiyo hesabu hurudi sifuri kila baada ya wiki 1024. Ilirudi Aprili 2019, na vipokezi vya zamani vikatoa tarehe ya 1999 huku pigo likiwa sahihi kabisa. Tena saa ya GPS iko mbele ya UTC (saa rasmi ya dunia) kwa sekunde 18 tangu 2017. Kipokezi kilichotoka kuwashwa kinaweza kukosea hapo mpaka kipate ujumbe wa marekebisho, ambao huja kila dakika 12 na nusu. Acha angalau seva tatu za NTP ziwe mashahidi.