Miaka sita nausaka mtupo huu, halafu kikapu kibovu kinautema!

Wakuu, sijalala vizuri tangu jana. Naomba niseme.

Nipo Minnesota, Marekani, na huu ni mwaka wa sita nacheza gofu ya diski. Kwa asiyeijua: badala ya fimbo na mpira, unatupa kisahani cha plastiki. Badala ya shimo kuna kikapu cha chuma kwenye nguzo, na juu ya kikapu inaning'inia minyororo. Ukiingiza kwa mtupo wa kwanza kabisa, hiyo ndiyo ndoto ya kila mchezaji. Kuna watu wazima wamecheza hadi magoti yamechoka na hawajaipata.

Minyororo ile si pambo. Diski inakuja na kasi, minyororo inaimeza ile nguvu, diski inadondoka kikapuni. Ndiyo kazi aliyoibunia Ed Headrick huko California miaka ya 1970. Kabla ya hapo watu walikuwa wanalenga miti na nguzo za taa.

Sasa njooni kikapu cha 7 kwenye bustani yetu. Tangu Mei minyororo mitatu upande wa kushoto imekatika. Mmoja kuna msamaria kaufunga kwa waya, miwili haipo kabisa. Ofisi inayosimamia bustani nimeipigia simu mara tatu, Julai nikawatumia na picha. "Tumepokea." Kila wiki wanakuja kufyeka nyasi, mashine inakizunguka kikapu kile kile, wanaondoka!

Jana jioni ilikuwa ligi. Futi 230, kama mita 70. Upepo umetulia. Nikasema leo sitafuti usalama, nalenga kikapu. Ikatoka mkononi safi, ikapita katikati ya ile mialoni miwili, ikakata kushoto taratibu, ikagonga chuma. Ule mlio! Wenzangu watatu wakapiga kelele, mmoja akanirukia. Tulipofika, diski imelala kwenye nyasi, hatua nne nyuma ya kikapu. Imepita kwenye pengo. Ukingoni ina mkwaruzo mpya wa ule waya, ninayo hapa mezani.

Kanuni za PDGA, chama cha gofu ya diski, ziko wazi, diski lazima itulie kikapuni au ishikwe na minyororo. Sibishani na kanuni. Nimeandikiwa mitupo miwili.

Ninaobishana nao ni waandaaji wa ligi. Kila Jumanne tunatoa dola 2 kila mtu kwa ajili ya mfuko wa atakayeingiza kwa mtupo mmoja. Jana mfuko ulikuwa na dola 286. Kikapu wanakiona kila wiki, na vikapu vya kubebeka wanavyo viwili kwenye gari. Kusimamisha kimoja pale ni kazi ya dakika tano. Nikawauliza, nikajibiwa "ndio mchezo ulivyo." Hapana! Upepo ndio mchezo ulivyo. Tawi la mti ndio mchezo ulivyo. Mnyororo uliokatika miezi minne ni uzembe, na mnachukua hela za watu juu yake.

Hizo dola sizidai. Nataka kikapu kitengenezwe, na hadi hapo wasimamishe kile cha kubebeka. Jumanne ijayo nitacheza, ila ile dola 2 siitoi, na wenzangu wawili wameshasema hawatoi.

Mliowahi kuisumbua ofisi ya bustani hadi ikaamka, mlipita mlango gani?