MMANA, 4nec2 au EZNEC? Antena ya VHF ya kuongea na boti

FundiMikindani: Wakuu habari za jioni. Nataka kusimamisha antena ya kuongea na boti, chaneli 16 yaani 156.8 MHz, bomba la mita 16, sasa kabla sijakata aluminiamu nataka niichore kwanza kwenye kompyuta. Laptopu yangu ya kizamani. Nianze na programu ipi kati ya hizo tatu?

dada_wa_Lindi: Kaka anza na MMANA-GAL, ile ya kawaida ni bure na nyepesi. Robo ya wimbi hapo ni kama sentimita 48, weka na radiali nne (zile fimbo za chini ya antena), zilaze kabisa utaona omu, yaani ukinzani wa antena, zinakuja 22 hivi, halafu ziinamishe digrii 45 uone zinavyosogea kwenye 50 za koaksi, yaani kebo ya antena. Mi ndo hapo nilielewa kwa nini watu wanazikunja.

NewalaJuu: EZNEC si ya kulipia lakini?

BatiNaKoaksi: Ilikuwa, tangu 2022 bure. Ila mi natumia 4nec2, bure pia, injini yake ya kukokotoa ni NEC-2, ukiwa na waya uliokaa chini karibu na ardhi hiyo inakokotoa omu vizuri, MMANA hapo inakudanganya. Ubaya wake ukiifungua mara ya kwanza unaweza kulia 😂

Ila mkuu sikia, programu yoyote inakokotoa ulichochora tu. Mi nilichora GP safi, yaani hiyo ya robo ya wimbi na radiali, SWR (kipimo cha nguvu inayorudi, 1 ndo bora) 1.2, nikaifunga Shangani pembeni ya paa la bati, mita ikasoma 2.8! Nikarudi nikachora na bomba, na koaksi nayo nikaiweka kama waya maana ganda lake la nje linarusha, ndo namba zikaanza kufanana na za mita. Nikaviringisha koaksi mizunguko sita chini ya antena, ikatulia.

dada_wa_Lindi: Na hizo zote hazikwambii utafika wapi. Hiyo fungua Radio Mobile, inasoma milima. Kwa baharini piga kichwani tu: 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena zote mbili, mita 16 na boti mita 4 unapata 4.12 × 6, kama kilomita 25.

FundiMikindani: Asante dada. Nimeshapakua MMANA na 4nec2 zote. Nimejaribu dipoli (antena ya waya mmoja unaolishwa katikati) kwenye 4nec2, nimeigawa segmenti, yaani vipande, 20, mbona sosi, pale umeme unapoingia, haikai katikati?

BatiNaKoaksi: Weka witiri, 21, ndo kinakuwepo kipande cha katikati.